Mkuki Mmoja Hulishwa na Kaya Ngapi? Kuujenga Utawala wa Kikabaila wa Kijeshi katika Dunia ya Kubuni

Dola ya kubuni mara nyingi huanzia kwenye kiti cha enzi. Mwandishi anachora ngome, anamvika mtawala joho, anapanga askari laki moja uwandani, na kazi inaonekana imekwisha. Kisha msomaji makini anauliza: hao laki moja wamekula nini asubuhi? Swali hilo likikosa jibu, riwaya nzima inayumba, na mchezo wa mezani unabaki kuwa kurusha dadu tu.

Makala hii inaanzia ghalani. Imeandikwa kwa ajili ya wanaotunga riwaya na kubuni michezo kwa Kiswahili, hasa walioko Moshi na Arusha. Mlima ulio juu yao umebeba historia ya watawala wa kivita, mifereji, marika na mahandaki ya kujifichia, na ni hasara kubwa kuazima mnara wa Ulaya wakati Horombo, mtawala wa Keni, alishajenga ngome za mawe kule Rombo, mashariki mwa Kilimanjaro, mwanzoni mwa karne ya 19.

Tuanze na maana yenyewe. Ukabaila wa kijeshi ni utawala ambamo mwenye silaha halipwi mshahara. Anapewa haki juu ya mavuno na kazi za watu wa eneo fulani, naye analipa kwa kwenda vitani akiitwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: mtawala hana sarafu za kutosha, wala hana barabara za kuteremshia nafaka kutoka kila bonde hadi bomani kwake. Akishindwa kukileta chakula kwa askari, anampeleka askari kwenye chakula. Vyeo, viapo, mabaraza, ndoa za kisiasa na ngome vyote vinaota juu ya uamuzi huo mmoja.

Hesabu ya ghala

Tutumie nchi moja ya kubuni, tuiite Uremi. Iko kwenye miteremko ya mlima, imegawanyika katika vilima 12 vinavyotenganishwa na makorongo, na kila kilima kina kaya 1,000. Kwa watu watano kwa kaya, hiyo ni nchi ya watu 60,000.

Mtu mmoja, ukichanganya mtoto na mtu mzima, anahitaji kama kilo 250 za nafaka kwa mwaka au kitu chenye shibe ya kiasi hicho. Kaya ya watano inakula kilo 1,250. Tuseme shamba linatoa kilo 1,900. Toa mbegu, fukusi na panya, kilo 250. Zinabaki 400. Kilo hizo 400 ndizo siasa yote ya Uremi. Mkuu akichukua 200, kaya inabakiwa na 200 za ngoma, mahari na kubadilishana chumvi. Akichukua 400, mwaka wa kwanza wa ukame unawahamisha watu, nao hawahitaji mapinduzi ili kumwadhibu: wanavuka korongo usiku na mbuzi wao, na asubuhi kilima jirani kina kaya mpya zinazolipa kodi kwa mtu mwingine. Kwenye nchi ambayo ardhi ni nyingi kuliko watu, mtawala mkali hupoteza watu kwanza, kisha askari.

Kilo 200 mara kaya 12,000 ni kilo 2,400,000. Sehemu ya kumi inaoza au inaibwa njiani, zinabaki 2,160,000. Nusu yake inakwenda kwa watu wa boma, wajumbe, wafua chuma, karamu za baraza na akiba ya njaa. Nusu iliyobaki, kilo 1,080,000, ndiyo ya askari wa kudumu. Askari wa miguu mwenye mke na watoto anakula kilo zile zile 1,250, na ukiongeza silaha, ngozi na nguo, gharama yake inafika kama kilo 2,000. Jibu: askari 540. Nchi ya watu 60,000, chini ya mtu mmoja katika kila 100 ndiye anayeishi kwa mkuki tu. Ukitaka wapanda farasi, idadi inashuka kwa kasi, kwa sababu farasi wa vita anataka kilo 4 hadi 5 za nafaka kwa siku mbali na majani, yaani chakula cha zaidi ya kaya nzima ya binadamu.

Kuna jambo moja ambalo watunzi wengi hawalifikirii: chakula kinachoshibisha si lazima kiwe chakula kinachopigana. Migomba ya Uchagani huzaa mwaka mzima, ndiyo maana mteremko ule uliweza kubeba watu wengi, lakini mkungu ukiiva ndani ya siku chache umekwisha. Huwezi kuweka ndizi ghalani kusubiri vita. Ulezi unakaa miaka bila kuharibika, unasagwa, unabebwa mfukoni. Kwa hiyo katika nchi ya migomba, nguvu ya jeshi iko kwenye mashamba ya ulezi ya chini, karibu na tambarare, mahali pale pale ambapo adui hufika kwanza. Tena ulezi huo huo ndio unaotoa kimea cha mbege, pombe ya ndizi, na bila mbege hakuna baraza, hakuna mahari, hakuna suluhu. Mkuu anayetenga ulezi wote kwa vita anazima mikutano inayomfanya akubalike. Mtunzi akiliona hilo tu, tayari ana mgogoro wa sura tatu bila kuchora hata panga moja.

Mkuu wa kilima amepewa nini hasa?

Hapa ndipo ramani nyingi za kubuni zinapoharibika, kwa kusema tu kwamba fulani "anamiliki" jimbo. Katika ukabaila mtu hupewa haki chache zinazotajwa, na nyingine huzuiwa kwake. Ethiopia ya zamani ilitenganisha mambo mawili kwa uangalifu: *rist*, haki ya ukoo juu ya ardhi yake, na *gult*, haki ya bwana kukusanya kodi juu ya ardhi hiyo hiyo. Bwana wa *gult* akiondolewa, mkulima wa *rist* anabaki. Uchagani nako kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kilirithiwa ndani ya ukoo, na mangi, yaani mtawala wa Kichaga, mwenye akili hakukigusa ovyo. Ndiyo maana si sahihi kuuita utawala wa wamangi ukabaila kamili, ingawa una viungo vyake vingi: mangi juu, wachili wakisimamia mitaa chini yake, kazi za lazima, na vijana wanaoitwa vitani.

Uremi basi iandike mapatano yake wazi. Mkuu wa kilima anapata kilo 90 kati ya zile 200 za kila kaya, siku 12 za kazi kwa mwaka, na faini za kesi ndogo. Hapati kihamba cha mtu, hapati maji ya mfereji, na kesi ya kuua mtu inapanda kwa Mtawala. Kwa malipo hayo analeta askari 40 wa kudumu wenye ngao na mikuki miwili kila mmoja, na rika la vijana wa kilima chake kwa siku 40 za kiangazi. Mara 12, mabwana wanaleta askari 480, na Mtawala mwenyewe anabaki na walinzi 60 wa boma. Tofauti hiyo ya 480 kwa 60 ndiyo inayomnyima usingizi, na ndiyo inayoendesha hadithi.

Siku 40 hatukuziokota. Ndizo zilizozoeleka katika utumishi wa wapiganaji wa farasi wa Ulaya ya Zama za Kati, na ubaya wake unajulikana: ngome imezingirwa, ukuta unakaribia kuanguka, siku ya 41 watu wanafunga mizigo na kurudi kuvuna. Wafalme wa Uingereza walitafuta njia ya kutokea kwa kuwaruhusu mabwana walipe fedha badala ya kwenda, kisha fedha hizo zikaajiri askari wa mshahara. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba ilianza kuua mapatano yenyewe, kwa sababu bwana anayelipa fedha ni mlipa kodi tu, na mfalme mwenye askari wa kuajiriwa hamhitaji tena.

Ugonjwa wa katikati

Askari wa kilima anakula kwa mkuu wa kilima. Anamwona kila siku, anamwozesha binti yake, anazikwa naye. Mtawala anamwona mara moja kwa mwaka. Vita vikitokea kati ya hao wawili, mkuki utaelekea wapi? Kila dola ya namna hii duniani ilipambana na swali hilo, na majibu yaliyojaribiwa ni hazina kwa mtunzi kwa sababu kila moja lina mahali linapovujia.

Mwaka 1086 Mfalme William wa Uingereza aliwaita Salisbury wenye ardhi wakubwa, pamoja na watu wa mabwana wengine, wakaapa utii kwake moja kwa moja. Kiapo kiliruka ngazi ya katikati. Kilisaidia, ila kiapo hakimlishi mtu. Dola ya Uthmania, ya Waturuki, ilikwenda mbali zaidi: mpanda farasi alipewa *timar*, mapato ya eneo dogo yasiyofika sarafu 20,000 za fedha (akçe) kwa mwaka, na asipokwenda vitani ananyang'anywa. Mtoto hakurithi eneo la baba yake moja kwa moja, alipaswa kustahili lake. Hapo mtu wa kati hapati muda wa kuota mizizi, lakini anayejua kwamba eneo si la wanawe analikamua badala ya kulitunza.

Japani ndiyo iliyobana kuliko wote. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, hivyo silaha zikawa za tabaka moja. Mwaka 1615 utawala wa Tokugawa uliagiza kila bwana mkubwa, *daimyo*, abaki na ngome moja tu. Mwaka 1635 ukaweka sheria ya kupokezana: bwana anakaa Edo, makao ya serikali, kwa zamu, na akirudi kwake mke na watoto wanabaki Edo kama rehani. Ukubwa wa bwana ulipimwa kwa *koku*, kipimo cha mchele cha lita 180 hivi, kiasi cha kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, na *daimyo* alikuwa mwenye *koku* 10,000 kwenda juu. Ona jinsi cheo chenyewe kilivyokuwa kipimo cha chakula. Safari za kwenda Edo na msururu wa watumishi zilimaliza mapato ambayo bwana angenunulia silaha. Amani ilidumu zaidi ya karne mbili, ikiwaacha mabwana wengi na madeni kwa wafanyabiashara.

Na jirani yetu kuna jibu la nne, ambalo kwetu ndilo bora kwa hadithi ya Kiswahili. Milima ya Upare Kaskazini, kule Ugweno, simulizi zinasema ukoo wa wafua chuma, Washana, ndio uliotawala mpaka ulipopinduliwa na Wasuya. Watawala wapya hawakutegemea chuma peke yake. Waliliweka jando chini ya usimamizi wa utawala. Fikiria maana yake. Bwana wa kilima anashika watu kwa ardhi, kutoka juu kwenda chini. Rika linawafunga vijana wa vilima vyote kwa upana: wametahiriwa pamoja, wamelala kambi moja, wanaitana kwa jina moja hadi uzeeni. Mtawala anayemiliki jando anaingia ndani ya kila kilima bila kuvunja lango. Katika Uremi, kijana wa kilima cha tatu akiambiwa na mkuu wake ampige kijana wa kilima cha tisa, atajikuta anaelekeza mkuki kwa rika lake mwenyewe. Wengi wao hawatarusha.

Hilo nalo lina kasoro. Rika likikosa vita linajitafutia, na likivamia ng'ombe wa jirani bila ruhusa, Mtawala analazimika kuchagua kati ya kulipa fidia na kupigana vita asivyovitaka. Wamasai na Waarusha waliliona hilo mapema, ndiyo maana ushujaa wa morani una wazee juu yake wanaosema basi.

Maji, chuma na soko

Wasiobeba mkuki ni zaidi ya tisa ya kumi ya nchi, na mtunzi asiyewapa nguvu yoyote ameandika nusu ya dola. Chukua mfereji, mfongo. Unaanzia juu kwenye korongo, kwenye kizuizi cha mawe, magogo na majani ya mgomba. Unafuata kingo za mteremko kwa mwinamo mdogo sana, maana ukizidi maji yanakula udongo na ukipungua yanatuama. Usiku yanajaza bwawa ambalo Wapare huliita ndiva, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Siku ya kuzibua, kila kaya inatoa mtu na jembe, na asiyefika anatozwa mbege au mbuzi. Mzee wa mfongo hana askari hata mmoja. Lakini ulezi ukiwa unatoa masuke, yeye akisema zamu ya shamba la mkuu imepita, mkuu anasubiri, kwa kuwa kumpiga mzee huyo ni kuharibu mavuno ya kaya 200. Kilima cha juu kikigombana na cha chini, silaha ya kwanza ni tope na jiwe kwenye mdomo wa mfereji.

Wafua chuma wawekwe chini ya Mtawala na si chini ya wakuu, la sivyo mkuu mmoja atajitengenezea jeshi kimyakimya. Soko liwe na amani yake, na liwe la wanawake: hata vilima viwili vikiwa vitani, mwenye kapu la ndizi na magadi apite. Mtawala anayeivunja amani hiyo anapoteza chumvi, pia anapoteza habari, kwa sababu sokoni ndiko wajumbe wake husikia nani kaanza kununua chuma kingi.

Vyeo navyo vitoke kambini, visitoke kwenye orodha ya majina ya kigeni. Ethiopia ilikuwa na kamanda wa mbele ya lango, kamanda wa kulia na kamanda wa kushoto, kufuatana na mahali pa kila mmoja kwenye msafara wa mfalme. Ukijua mtu anapiga hema wapi, umejua cheo chake.

Jeshi likitoka

Askari 1,000, siku 20, kilo moja kwa siku: kilo 20,000. Kila mmoja abebe kilo 10 mwenyewe. Zilizobaki, 10,000, zinahitaji wapagazi. Mpagazi anabeba kilo 30 na anakula kilo moja kwa siku kama wengine. Kwenda siku 10 na kurudi 10, amekula 20. Anachowapa askari ni kilo 10 tu. Kwa hiyo wapagazi 1,000, mmoja kwa kila mkuki. Ongeza siku tano tu kila upande na mpagazi anamaliza mzigo wake wote kabla ya kumlisha mtu. Hapo ndipo mpaka wa Uremi unapoishia, siku 10 za mwendo, hata kama ramani inaonyesha nchi tupu mbele. Anayetaka kwenda mbali aweke maghala njiani, atafute punda na nyasi, au aishi kwa kupora. Akipora, asirudi kwa njia ile ile.

Vita vipangwe baada ya mavuno na kabla ya mvua. Masika yakianza makorongo hayavukiki, na rika lote linatakiwa shambani.

Uchawi na majoka nao wanakula

Kama Uremi ina joka, lipimwe kwa simba. Simba dume wa kilo 190 huhitaji wastani wa kilo 7 za nyama kwa siku. Joka la tani moja tulipe kilo 30. Ng'ombe wetu wa kienyeji akichinjwa hutoa kama kilo 120, kwa hiyo joka linamaliza ng'ombe mmoja kila siku nne, 90 kwa mwaka. Ili kundi litoe 90 kila mwaka bila kupungua, likitoa mmoja katika kumi, linahitaji ng'ombe 900 pamoja na malisho yao. Mlezi wa joka basi ndiye mfugaji mkubwa kuliko wote nchini, na kumweka mbali na boma ni kumpa mtu mmoja utajiri na moto kwa pamoja. Mchawi anayeweza kuzuia askari 100 apewe hesabu hiyo hiyo: analishwa na nani, ameapa kwa nani, na mwanafunzi wake anateuliwa na nani. Na kama kuna uchawi wa kukifunga kiapo kisivunjike, fikiria mara mbili kabla ya kuuingiza, kwa sababu unaondoa ule ugonjwa wa katikati ambao ndio injini ya hadithi. Afadhali kiapo kiwe na mwanya: kinamfunga aliyeapa, hakimfungi mwanawe.

Namna inavyovunjika

Dola hizi huanguka kwa mpangilio unaofanana. Mara nyingi mtawala mkali anakufa na mapatano yanakufa naye, kama ilivyotokea kwa Horombo: alipouawa, himaya yake ya mashariki mwa mlima ikasambaratika. Kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu ndiyo inayobeba jina lake leo. Mara nyingine silaha mpya inaingia bila kupitia ardhi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilileta bunduki Kilimanjaro, na wamangi Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipanda kwa nguvu kwa kujua kufanya biashara na wageni. Mwenye bunduki za kununua halazimiki kumbembeleza kila mchili.

Hatari zaidi ni mgeni mwenye nguvu kuwa mwamuzi. Wajerumani walipofika, walivunja ngome ya mawe ya Sina mwaka 1891. Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda mwaka 1892, wakarudi na nguvu zaidi mwaka 1893, na mwaka 1900 wakamnyonga pamoja na wenzake Old Moshi. Marealle wa Marangu alichagua kuwa upande wao, akapanda juu ya wapinzani wake. Kabla ya hapo wamangi walikuwa wakipimana nguvu, mshindi wa leo akijua kesho atahitaji urafiki wa aliyemshinda. Mwamuzi wa nje akishaingia, anayesikilizwa naye hahitaji tena kupatana na majirani, na hesabu yote ya ghala, rika na mfereji inaacha kuamua nani anatawala. Mtunzi anayetaka Uremi ianguke aanzie hapo, kwa mgeni mmoja, bunduki chache, na mkuu wa kilima cha nne aliyechoka kupewa kilo 90.

Akishaiangusha, aandike na mwaka unaofuata. Tanganyika iliondoa mamlaka ya kisheria ya machifu mwaka 1963, na Azimio la Arusha la 1967 bado lilitaja mabaki ya ukabaila nchini. Ngazi ya juu huondoka kwa sheria moja au vita kimoja. Mifongo iliendelea kuzibuliwa, vihamba viliendelea kurithiwa, na wazee wa koo waliendelea kugawa zamu za maji. Uremi bila Mtawala bado ina kaya 12,000, kila moja na kilo zake 400, na wa kwanza kuzigombea watakuwa wale wakuu 12, kila mmoja na askari wake 40.